Ukurasa Aliouruka Mwalimu Tiberiu

Mwalimu Tiberiu Pârvulescu hakukipenda Kiingereza, na hilo hakulificha. Ujana wake wote alifundisha Kirusi katika shule ya mji wetu mdogo wa Romania, kando ya mto Danube, na alikifundisha vizuri, kwa ukali wake. Kisha serikali ya Kikomunisti ikaanguka, na Kirusi kikawa kama koti la marehemu: hakuna aliyetaka hata kulijaribu mwilini. Mkuu wa shule akamwita ofisini akamwambia, "Tiberiu, kuanzia Septemba wewe ni mwalimu wa Kiingereza." Hivyo tu, wala hakuulizwa kama anakijua. Walimu wa Kirusi nchi nzima walifanyiwa hivyo.

Aliyemwokoa ni mkewe, Olimpia. Yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wa Kiingereza wa kweli, mwenye sauti nzuri na masikio ya kusikia kosa hata mlango ukiwa umefungwa. Jikoni, huku akimenya viazi, alimfundisha mumewe somo la kesho, na kesho yake bwana akaenda kulimwaga darasani kama aliyelinyonya ziwani kwa mama yake. Wakaishi hivyo mpaka wakastaafu wote wawili. Hata baada ya kustaafu watu waliendelea kumjia Tiberiu nyumbani, ghorofa ya tatu, wajifunze Kiingereza cha kuwapeleka Uingereza. Yeye ndiye waliyemjia, maana alikuwa mwanamume na alivaa tai. Dunia ndivyo ilivyo.

Baridi ya mwaka juzi Olimpia akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukafa, ulimi ukawa mzito, akawa anasema neno mojamoja kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Akili lakini haikuguswa. Mwana wao wa pekee, Horia, anaendesha lori huko Uingereza. Hupiga simu Jumapili, hulia kidogo, husema atakuja Pasaka. Pasaka ipi, hajasema.

Tiberiu mwenyewe ana mgongo mbovu na moyo usiomtii. Kumwinua mkewe hawezi. Kwa hiyo kazi hiyo ilikuwa ya Domnica, mjane wa ghorofa ya chini, mwanamke wa mikono mipana na mdomo usiojua likizo. Asubuhi alipanda ngazi, akamwinua Olimpia, akamwogesha, akamvika, akamketisha kwenye kiti karibu na dirisha. Jioni alipanda tena kumrudisha kitandani. Hakutaka malipo. Alitaka Kiingereza.

Alikuwa na sababu. Binti yake Ionela alikuwa Uingereza, kazini katika nyumba ya kulelea wazee. Alikuwa amejifungua, na yule bwana aliyempa mimba amekwisha yeyuka. Ionela alilala na mtoto kifuani, akaamka na mtoto kifuani, akaenda zamu akimwacha kwa watu asiowajua. Kila alipopiga simu alisema, "Mama, njoo. Peke yangu siwezi." Nyumba ile ya wazee ilikuwa tayari kumwajiri na mama mtu, mradi tu aweze kuzungumza na msimamizi wao kwa simu.

Basi wakawa wanasoma asubuhi, Olimpia akiisha kuoshwa, chumba hichohicho chenye kitanda, kwa kuwa hita nzima ilikuwa ni hiyo moja. Wakafika kwenye kitenzi kile ambacho kila Mromania hukwama nacho, kile cha herufi tatu.

"Mwalimu, hebu ngoja kwanza," Domnica akasema. "Juzi hiki kilikuwa kupokea barua. Leo ni kufika nyumbani?"

"Ni kilekile. *Get*."

"Na kununua maziwa?"

"Kilekile."

"Na kuuelewa mzaha?"

"Kilekile, Domnica."

"Basi hawa Waingereza bahili kweli. Sisi maskini tuna kitenzi cha kila kazi, wao na utajiri wao wote wanavaa kimoja, harusini hicho, msibani hicho."

Olimpia akacheka pale dirishani, kile kicheko chake cha upande mmoja, na Domnica akafurahi kumchekesha.

Ukurasa uliofuata ulikuwa wa kitenzi hichohicho, na huo ndio uliokuwa na kazi. Humo mlikuwa na kuamka kitandani. Mlikuwa na kuvaa nguo, kuingia bafuni, kutoka bafuni, kuugua, kupata nafuu, vyote kwa kitenzi kile kimoja na vijineno vyake vya kufuatia. Kazi yote ya Domnica, ya asubuhi na ya jioni, ilikuwa imeandikwa pale. Tiberiu akautazama ukurasa, kisha akamtazama mkewe kwenye kiti. Akajiuliza: huyu akishajua haya, nani atakayemwinua Olimpia? Akafunua karatasi mbili kwa pamoja.

"Mbona umeruka, Mwalimu?"

"Hayo maneno ya mitaani. Hawayaulizi."

Domnica akaamini, kwa kuwa mwalimu ni mwalimu. Akafundishwa badala yake habari ya kitabu cha zamani, ya kiwanda cha chuma na wafanyakazi wake hodari, akaikariri mpaka akawa anaiimba kwenye ngazi. Mzee alimdhulumu. Nasema waziwazi, maana wapo hapa mtaani wanaozungukazunguka wakisema mzee alichoka, mzee alisahau. Hakuchoka wala hakusahau.

Siku ya simu, Domnica alikuja amevaa blauzi yake ya kanisani. Yule msimamizi, mama wa Uingereza, alikuwa na sauti ya upole, akauliza polepole. Mgonjwa akikataa kuamka, utamwambia nini? Akiwa anaogopa kutoka bafuni, utamwambia nini? Mambo ambayo Domnica aliyafanya kila siku ya Mungu kwa mikono yake miwili. Alikitambua kile kitenzi, kilirudi katika kila swali, lakini hakujua hapo kinafanya kazi gani. Kwa kuogopa kunyamaza, akaanza kumsimulia kiwanda cha chuma. Yule mama akamsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akamwambia ajaribu tena baada ya mwezi.

"Kichwa changu malenge matupu, Mwalimu," Domnica akasema, machozi yanamtoka. "Umehangaika na mimi bure. Sasa nitamwambia nini mwanangu?"

"Mwambie mambo hayana haraka," Tiberiu akasema, akamchemshia chai ya maua makavu. Moyoni alifarijika, na kufarijika kwenyewe kulimwaibisha.

Domnica aliposhuka kwake, Olimpia akamgeukia mumewe.

"Uliruka," akasema. "Ukurasa. Nilikuona."

"Olimpia, nani atakuinua?"

"Nilikufundisha mimi. Jikoni. Sikuruka."

"Nimekuuliza, nani atakuinua? Horia? Mimi na mgongo huu?"

Olimpia akageuzia uso dirishani, akasema kwa tabu, neno baada ya neno, "Niandalie sadaka yangu. Nikiwa hai."

Upande wetu wa Oltenia mtu anaruhusiwa hilo. Mzee akiona watoto wako mbali na hana wa kumfanyia arobaini yake, hujifanyia mwenyewe angali anapumua. Huketi mezani amevaa nguo zake za kuzikiwa, kasisi akasoma, watu wakala, naye akagawa vitu vyake kwa mkono wake. Kinachotolewa siku hiyo hakikataliwi wala hakirudishwi. Kisipomfikia aliyepewa, mwenyewe atakikosa huko aendako. Mume anayemnyima mkewe sadaka hiyo hatazamwi usoni tena, kwa hiyo Tiberiu akaandaa.

Ikawa Jumamosi. Domnica mwenyewe ndiye aliyefunga nyama na wali ndani ya majani ya kabichi, akapika na ngano ya sadaka yenye sukari na kokwa za jozi. Kasisi Anghel akafika, na wanawake wachache wa kanisani. Olimpia aliketi kichwani mwa meza na gauni lake jeusi na kitambaa kipya, mshumaa mbele yake. Sahani zake akampa huyu, sufuria akampa yule, na kila mmoja akapokea akisema Mungu aipokee.

Kisha akamwita Domnica. Akaonyesha sanduku lake la safari na koti lake zito la baridi.

"Mama Olimpia, hili siwezi," Domnica akasema. "Safari yenyewe nimeikosa."

"Chukua." Olimpia akavuta pumzi. "Na ukurasa. Mume wangu atakufundisha. Ule aliouruka. Nao sadaka. Ya roho yangu."

Meza nzima ikamgeukia Tiberiu. Domnica naye akamtazama, na pale ndipo alipoelewa. Mtu mwingine angemmwagia mchuzi. Yeye aliweka tu mkono juu ya koti.

"Mwalimu," akasema taratibu, "mimi nimembeba mkeo kama mwanangu. Ungeniomba tu nikae."

"Ungekaa?"

"Sijui. Lakini ungeniomba."

"Basi nakuomba sasa," mzee akasema, mbele ya kasisi, mbele ya wote.

"Hapana," akajibu Olimpia, kabla Domnica hajafungua kinywa. "Imekwisha tolewa."

Tiberiu akafundisha, angefanyaje. Akafundisha kitandani, mwili wa mkewe ukiwa ndiyo kitabu. Domnica alimwambia Olimpia kwa Kiingereza aamke, na Olimpia akajitahidi kuamka. Akamwambia avae, akanyoosha mkono mmoja uliobaki. Penye kosa Olimpia alilisikia yeye kwanza, akatikisa kichwa, wakarudia. Nguvu zake zilikwisha humo, kila mtu aliona. Mwezi ulipotimia yule mama wa Uingereza akapiga simu, na Domnica akajibu bila kiwanda hata kimoja. Akaajiriwa.

Aliondoka na basi dogo la abiria na vifurushi, lile linalopakia mbele ya kanisa, koti la Olimpia mwilini. Alikuwa amempanga mwanamke wa mtaa wa pili kupanda kumwinua mgonjwa. Mwanamke huyo akaja wiki chache, kisha naye akapata kazi ya kuchuma machungwa Italia. Horia alisema kwenye simu atatafuta mtu. Akalia kidogo.

Tiberiu akawa anamwinua mwenyewe. Aligundua kwamba akimkumbatia kifuani na kuegemea ukuta, aliweza kidogo. Mchana mmoja wa Kwaresima, theluji imerudi, alimkumbatia hivyo, goti likakataa, wakaenda chini wote wawili kati ya kitanda na ukuta. Alisikia nyonga yake mwenyewe inavunjika. Olimpia alimwangukia kifuani, na hakuumia sana. Simu ilikuwa jikoni, ikichajiwa. Tiberiu alijaribu kujiburuta, akashindwa hata kufika mlangoni mwa chumba.

Katika jengo letu mtu akiwa na shida hugonga bomba la maji ya moto ya hita, kwa kuwa bomba ni moja toka chini hadi juu, na kila ghorofa husikia. Tiberiu akaupata mkongojo wa mkewe chini ya kitanda, akagonga. Akangoja, akagonga tena. Ghorofa ya nne walikaa akina Bălănoiu, mume na mke, ambao mwalimu aliwafundisha majina ya vyakula, wako Manchester. Ghorofa ya pili alikaa kijana mmoja fundi wa umeme, naye alifundishwa namba na maneno ya kiwandani, yuko Dublin. Mlango wa pembeni, dada wawili wauguzi, wanafunzi wake bora kuliko wote. Ghorofa ya kwanza, familia nzima na mbwa wao, nao wamekwenda. Chini kabisa, Domnica. Chuma kilipeleka sauti juu na chini, na hakuna kilichojibu.

Akaendelea kugonga mpaka mwanga wa dirishani ulipoanza kupungua.

"Acha, Tiberiu," Olimpia akasema, mdomo wake karibu na sikio la mumewe. "Wote ulikwisha wafundisha."

Akauweka mkongojo chini. Akavuta blanketi la kitandani kwa mkono mmoja mpaka likawafikia, akamfunika mkewe kwanza.