Ukili Nilioufunga Mzigoni

Mpiga mbiu wa mtaa wetu alikuwa na sauti nzuri na akili ya kuku. Nasema hivyo bila chuki. Amekwisha kufa, Mungu amrehemu, na mimi nimebaki na mdomo wangu. Alipita baada ya sala ya alasiri, akapuliza pembe mara tatu, akatangaza kwamba msafara wa bwana fulani umevuka mto Kingani na kesho utaingia mjini, wote salama. Watu wakashangilia. Mimi nilikuwa barazani nasuka ukili, ule mkanda wa mkindu unaoshonewa mikeka, na kila nilipomsikia nilijiuliza jambo moja tu: huyu hajasema nini?

Hiyo ndiyo iliyokuwa riziki yangu Bagamoyo miaka ile, kabla Wadachi hawajasimika bendera yao. Nilikuwa mjane asiye na mtoto, na marehemu mume wangu hakuniachia kitu ila nyumba ya miti na udongo. Wenzangu walizisikia habari wakapiga soga, basi. Mimi nilisikia ndani yake watu wanahitaji nini. Akitangaza kwamba msafara mkubwa utaondoka mfungo mosi, najua kamba zitatakiwa, natangulia kutafuta makumbi ya kusokota. Akitangaza kwamba mtama umeungua kwa jua huko Uzigua, najua wapagazi watafika na njaa, natafuta unga wa uji mapema. Majirani walisema nina jini anayeninong'oneza. Sikuwa na jini, nilikuwa na masikio.

Neno lililonikera lilikuwa lile la mwisho, wote salama. Msafara huenda bara na watu tele ukarudi pungufu, na mpiga mbiu atasema vilevile, maana aliyemtuma ni mwenye msafara, na mwenye msafara anachojali ni pembe za ndovu. Siku ya kuingia, wanawake walijipanga njiani wakitazama nyuso. Zikishapita zote, yule ambaye uso wa mumewe haukupita alirudi nyumbani hajui alie au apike. Hawezi kukaa eda kwa mtu asiyejulikana kama amekufa, wala hawezi kuolewa tena. Katika mtaa wetu peke yake walikuwapo watatu wa namna hiyo, mmoja ameshaota mvi huku akisubiri.

Nikaona hapa pana kazi, na hakuna anayeifanya.

Desturi ya wapagazi ilikuwa kusimama kwenye kisima kilichokuwa nje ya mji, njia ya bara. Hapo walioga, wakajipaka mafuta, wakatoa nguo nyeupe walizozitunza safari nzima, ndipo wakaingia mjini kwa ngoma na milio ya baruti. Wakishazivaa nguo zile, kwao husikii ila majigambo. Lakini kabla ya hapo, wakiwa na vumbi magotini na bakuli la uji mkononi, husema kweli. Basi nikahamishia chungu changu kisimani. Niligawa uji wa mtama, nikauliza.

Shida ikawa moja: walijuana kwa mizigo zaidi kuliko kwa nasaba. Wengine wamejiunga na msafara njiani, wengine wamejibandika majina ya safari. Ukiuliza mwana wa fulani wa mtaa fulani, wanakutumbulia macho. Ukiuliza aliyebeba mtumba wa nguo nyuma ya kirongozi, yule anayetangulia msafara, wanakwambia mara moja.

Hapo nikapata akili niliyoiona kubwa. Nilitia ukindu rangi, nikasuka kwa kila mwanamke ukili mwembamba usiofanana na wa mwenzake: huyu mwekundu na mweusi, yule manjano na mstari mmoja wa zambarau. Mume akiondoka, ukili hufungwa mzigoni. Mtu akifa, wenzake waufungue ukili ule, waulete kisimani na waseme alikufia wapi. Kwa nini mzigoni? Kwa sababu mwenye msafara huweza kupoteza mtu na asigeuze shingo, lakini mzigo aliukagua kila alfajiri. Nilijiona hodari kuliko makadhi wote wa pwani. Wanawake waliniletea mayai, mchele, samaki wa ng'onda, na kila mmoja alijua rangi zake kama anavyomjua mwanawe.

Mdogo wangu, tumbo moja baba mmoja, alichagua nyekundu tupu na ncha nyeupe. Mumewe alikuwa kijana mcheshi, mwenye mikono mirefu, aliyependa kunitania kwamba uji wangu unafaa kuzibia mitumbwi. Siku ya kuondoka aliuviringisha ukili ule kwenye kifundo cha mkono, akamwonyesha mkewe.

"Huku ndiko kwake," akasema. "Nikilala nalala nao."

Nikamjia juu. "Utaupoteza kwenye mto wa kwanza, wewe! Lete hapa."

Nikaufungua mkononi mwake, nikaufunga kwa mafundo matatu kwenye mtumba wa nguo aliopewa kubeba. Mdogo wangu aliinua mkono anizuie, akanitazama, akaushusha. Alizoea kunisikiliza. Laiti siku ile asingenisikiliza.

Mwaka uliofuata wanaume wawili walikuja kisimani na ukili mwekundu wenye ncha nyeupe. Walikuwa wameungana na msafara ule Unyanyembe, watu wastaarabu, hawakuwa na sababu ya kunidanganya. Mwenye mzigo huu, wakasema, alishikwa na tumbo la kuhara, akafa, tukamzika kwa mikono yetu, mmoja wetu akamsomea. Niliwauliza mara mbili. Walijibu vilevile mara mbili. Nikaupeleka ukili kwa mdogo wangu, nikauweka mapajani mwake, na sikuhitaji kusema neno. Ndiyo kazi niliyokuwa nimeibuni.

Kadhi aliwasikiliza wale mashahidi, akauona ukili, akaridhika. Mdogo wangu alikaa eda miezi minne na siku kumi, hapaki mafuta, hatoki nje, mimi ndiye niliyempelekea maji. Akamaliza eda. Baadaye ami yetu, ndiye walii wake, akamwoza mtu wa Saadani, mpole, mkaushaji samaki. Akahamia huko. Nilipomtembelea mara ya mwisho alikuwa ananyonyesha mtoto wa kike na alicheka kwa sauti, jambo ambalo sikulisikia kwake muda mrefu. Nilirudi nyumbani nikijipongeza. Nilisema moyoni, kama si mimi, angekuwa bado amesimama njiani anatazama nyuso.

Basi asubuhi moja msafara mwingine ulisimama kisimani. Nilikuwa nimeinama juu ya chungu.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba," nikaitikia kabla ya kuinua macho.

Uso sikuutambua, ulijaa makovu ya ndui. Niliitambua mikono. Mirefu, imeshika kata, inasubiri.

"Habari za nyumbani?"

"Njema."

Nilisema njema. Kwetu habari huwa njema kwanza, hata maiti yumo ndani. Ukishakaa, ukishapewa maji, ndipo unapoambiwa ya kweli. Yeye mwenyewe alilelewa hivyo, anajua. Lakini mtu aliyetembea kutoka Ugogo na jambo moja tu moyoni hasubiri ya pili. Alifunga macho, akamshukuru Mungu kwa sauti, watu wote pale kisimani wakageuka.

Akakaa, akanieleza huku akinywa. Ndui ilimshika Ugogo wakiwa bado wanapanda kwenda bara. Msafara haukuweza kumngoja. Mzigo wake alipewa mwenzake mmoja, na yeye akaachwa kwa bibi kizee mmoja aliyewahi kuugua ugonjwa ule. Alikaa huko mwaka mzima mpaka akapata nguvu, akamlimia bibi yule mavuno mawili kwa fadhila zake, kisha akaomba kazi katika msafara wa kwanza uliokuwa ukishuka pwani.

"Na ule ukili wako," akasema, "ulifika? Nilimsisitizia yule aliyepokea mzigo: usiufungue, ufike pwani ukiwa bado mzigoni, ili mke wangu ajue niko hai nakuja nyuma."

Kumbe waliyemzika wale wawili ni yule aliyepokea mzigo. Nikasema ulifika.

"Basi anajua!" akasema, akaruka kwenda kuoga.

Nilitaka kuongea. Naapa nilitaka. Nilikuwa na maneno yote, nilikuwa nimeyapeleka kwa wanawake wengi, najua namna ya kuyaanza na mahali pa kushika bega la mtu. Hayakutoka. Mikono yangu iliendelea kukoroga uji ambao ulikuwa umekwisha kuiva. Alirudi amevaa kanzu nyeupe iliyokunjika, ananuka mafuta ya nazi, akainamisha kichwa nimfunge kilemba, kwa kuwa hakuwa na kioo. Nikamfunga.

"Shemeji," nikaanza.

Ngoma ikalia. Akanyanyuka, akacheka, akasema uji umekuwa mtamu au ni njaa yake, akaingia katika mstari. Baruti zikalipuliwa. Nilibaki na chungu, nikaona kilemba kile kikiruka juu ya vichwa vya wengine mpaka kikapotea kwenye vumbi.

Nilitembea polepole, nikitumaini kwamba mtu mwingine atanitangulia. Nilipofika kwenye nyumba aliyokuwa akiishi na mdogo wangu, alikuwa amekaa barazani, kilemba amekiweka magotini. Wapangaji wapya walikuwa wamesimama mlangoni. Kumbe walikwisha kumwambia.

"Shemeji," akasema, "si ulinambia njema?"

Nikakaa chini kwenye udongo, mbele yake. Alasiri ilipofika tulikuwa bado tumekaa vile vile. Mpiga mbiu akapita, akapuliza pembe mara tatu, akatangaza kwamba msafara umeingia, wote salama.