Mbuzi ya Bibi Iliyokwenda Upande

Juzi umeme ulikatika hapa Lindi, mashine ya kukunia nazi pale sokoni ikalala. Nikashusha mbuzi ya bibi kutoka juu ya kabati, nikaifuta vumbi, nikakaa. Nilipokaa nikashtuka. Ngoja nikueleze, ingawa mimi si mwandishi na mengine huenda nayakumbuka vibaya.

Nililelewa Mchinga, kwa bibi. Mwaka mmoja aliteleza kisimani, nyonga ya kulia ikawa haikunjiki vizuri. Tangu hapo kila akikaa kukuna nazi anaporomoka. Shangazi akachukua jiko. Nisimsingizie, alipika vizuri tu, na alifanya kwa huruma. Lakini bibi akawa mtu wa kukaa barazani, mikono mapajani, kama mgeni anayesubiri kukaribishwa chakula. Na chakula chenyewe akaanza kukiacha.

Ndipo tukampeleka bibi kuchongewa mbuzi yake kwa mchongaji, Mmakonde aliyehamia kijijini kwetu. Banda lake nilikuwa nalijua, kila nikitoka shule nilipitia pale kwa ajili ya harufu tu. Mpingo ukichongwa una harufu kali yenye utamu ndani yake, siwezi kuieleza zaidi ya hapo. Magogo aliyafunika magunia mabichi yasipasuke. Yeye hukaa chini, gogo kalibana kwa nyayo, tezo inashuka karibu kabisa na vidole vyake, ko, ko, ko, huku anajisifu. Maana alijisifu, lazima niseme. "Pwani yote hii, mkono kama huu hamna!"

Bibi akamwambia, "Usije ukanichongea vile vinyago vyako vya mashetani, fundi. Nitakaaje juu ya pembe?"

"Mama, kwako hata hayo mashetani yataogopa kuja."

Bibi akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu aanguke.

Shangazi alikuja na kamba ya kupimia. Fundi hakuitaka. Alimwaga maji kwenye mchanga, akausawazisha kwa kiganja, akasema, "Kaa hapo, mama, unavyokaa jikoni." Kisha akatugeuzia mgongo mpaka tulipomwinua bibi. Akaja akaingiza mkono kwenye shimo aliloacha bibi mchangani, kushoto limezama, kulia kidogo tu. Akalipapasa taratibu, na kwa mara ya kwanza akanyamaza.

Tulipofuata mbuzi yenyewe, ya mninga, kiti chake kilikuwa kimeinuka upande wa kulia.

"Fundi, hii imekwenda upande!" shangazi akapiga kelele. "Ulikuwa umelewa?"

Ulevi alikuwa nao, hilo sifichi.

"Nililewa jana. Hii nimemaliza leo. Haya, kaa wewe."

Shangazi akakaa, akabingirika mchangani, banda zima likacheka naye akacheka.

"Haikuchongwa kwa ajili yako. Mpishe mwenyewe."

Bibi akakaa. Hakuporomoka. Akaagiza nazi iletwe palepale, akaanza kukuna. Tezo ikasimama. Sote tulisikiliza yale meno ya chuma tu, na nazi nyeupe ikidondoka kwenye sinia. Bibi akakuna mpaka kifuu kikabaki kitupu. Ndipo akasema, "Kumbe mikono yangu bado ipo."

Jioni tulikula kunde za nazi alizopika mwenyewe. Chumvi ilizidi. Hakuna aliyesema, hata shangazi.

Fundi alishafariki, na bibi pia. Pale kwenye banda siku hizi wanachajisha simu. Kijana wa pale ni mtu mwema, alinipa kiti nipumzike, ila habari za mchongaji hajawahi kuzisikia. Nilivuta pumzi nikitafuta ile harufu. Haipo.

Mbuzi nilirithi mimi. Miaka yote hii kila aliyeikalia ilimporomosha, na mimi mwenyewe pia, ndiyo maana ilihamia juu ya kabati.

Sasa mwaka huu nyonga yangu ya kulia imeanza kukaza. Na juzi, nilipokaa, sikuporomoka. Nilitulia pale kama nimeshikwa kiunoni na mtu ninayemjua. Nikakuna nazi yote, na umeme uliporudi sikuinuka.