Kivuli cha Marehemu Kwenye Gemu la Angani

Natangaza rasmi, mbele ya maelfu ya wafuasi wa ukurasa huu, kwamba jana jioni nilipigwa tena vitani, huko angani, sebuleni kwangu, nikiwa nimevaa dera.

Admin, nifiche jina. Mimi ni mjane wa miaka thelathini na tisa, mzaliwa wa Mombasa. Nanunua mikoba kwa jumla hapa Guangzhou, China, naishi mtaa wa Sanyuanli. Mume wangu moyo ulimsimama mwaka jana. Tukamzika hukuhuku. Mama yake hakuuona hata uso wake.

Ameniachia mashine ya gemu la zile filamu za vita vya angani. Hushiki kitu: unasimama mbele ya kamera, unarusha mikono, na kwenye runinga maroboti yanaanguka. Kila akitoka kazini alicheza mpaka jasho limtiririke, kisha, "Mke wangu, dunia nimeshaiokoa, wali u wapi?"

Nilipomaliza eda nikaiwasha. Kando yangu kikatokea kivuli cha mtu, kinapigana. Huyo ndiye bingwa wa mashine, mwenye pointi nyingi kuliko wote, inarudia alivyocheza. Ukimpita kwa pointi anafutwa, unawekwa wewe. Kilipiga kwa mkono wa kushoto. Mume wangu alikuwa shoto. Nililia mpaka maroboti yakanimaliza. Tangu hapo nacheza ili nishindwe. Nikikaribia kumpita, nashusha mikono.

Kosa langu, nilimwambia mama mkwe kwa simu.

"Kinatembea, mwanangu?"

"Kinatembea, mama."

"Kinapiga kwa mkono gani?"

"Wa kushoto."

"Basi ni yeye. Nilimchapa sana mtoto yule aache kula kwa kushoto. Niletee nimwone."

Sasa anataka mashine iingie kwenye kontena la mwezi huu la kwenda nyumbani. Majirani ameshawaita. Na nyumba ile imejaa wajukuu. Watamfuta kabla hata wageni hawajaketi. Nikikataa, nitakuwa nimemnyima mama mwanawe mara ya pili. Nishaurini jamani, nimpelekee au nibaki naye?

Hili lingine nilitaka kulinyamazia. Wiki iliyopita nilimpelekea fundi mashine aifungashe. Akaniuliza nalilia nini, nikamwonyesha. "Laoban," akaniambia, yaani bosi, ndivyo wanavyotuita wateja, akachukua mashine mpya dukani mwake, bado ina nailoni, akaiwasha. Kivuli kilekile, mkono uleule. Zote zinatoka nacho kiwandani.

Marehemu hakuwahi kukishinda.