Kijiji Juu ya Mkeka

Asubuhi hii ofisini kwangu, mtaani Olaya, mhudumu wa chai ametia karafuu kwenye birika, na harufu ile imenirudisha chumbani kwetu mtaani Ghulail, Jeddah, kwenye mkeka wa bibi yangu.

Kila baada ya sala ya alasiri, bibi alikitandika hapo kijiji chake cha Pemba, ambacho mimi, mzaliwa wa Jeddah, nilikuwa sijakiona. Kinu kilikuwa msikiti, nacho alikilaza, mdomo ukielekea kibla, kabla ya kugusa kitu kingine. Kikombe cha kahawa kilikuwa kisima, kanga iliyokunjwa ilikuwa kilima. Kisha alipanga karafuu moja moja, zikawa njia.

“Kisima hiki alikichimba babu yangu,” alisema, “na pembeni yake ndipo alipozikwa.”

“Na nyumba yetu, bibi?”

Akanishika bega, akanisogeza mwisho wa njia ya karafuu. “Kaa kitako hapo, mjukuu wangu. Ndiyo hiyo.”

Nikakaa, nimekunja miguu nisije nikazitibua karafuu.

Ukubwani nilipofika kijijini, jua lilinipoteza. Jeddah ukielekea kibla asubuhi linakupiga usoni; kule lilinichomozea kuliani. Nikasimama mlangoni pa msikiti, nikaelekea kibla, na kisima, njia na kilima vyote vikarudi mahali pake. Nikaenda moja kwa moja hadi kwenye msingi wa nyumba, uliobaki umeota majani.

“Nani kakuonesha hapa?” jirani mmoja akaniuliza.

“Bibi yangu.”

Nikakaa kitako katikati ya msingi ule, nimekunja miguu.