Shanga za Yule Mwigizaji

Jirani amewasha jenereta, na harufu ya dizeli imenikuta mbele ya kioo, nikivua shanga zangu zote.

Harufu hiyo ilijaa kibanda cha video pale kambi ya wakimbizi ya Kakuma, utotoni, mchana wa joto. Kwenye skrini, mwigizaji mrembo alivua mkufu wa shanga huku akitabasamu, vidole vikikosa kifungo mara mbili. Wanaume wakapiga miluzi. Nyanya yangu akauliza, “Nani amekufa?”

Mwenye video, aliyekuwa akitutafsiria, akacheka. “Hakuna mtu amekufa, nyanya. Bwana yake ameenda safari tu.”

Mwishoni mwa filamu maiti ya bwana huyo ilipatikana kisimani. Mwenye video akamuuliza nyanya alijuaje.

“Kwetu mwanamke akifiwa na bwana, anavua shanga. Nyinyi mliangalia shingo. Mimi niliangalia mikono.”