Kufuli la Chumba cha Kujifungulia

Nilipohamia kwa shangazi yangu baada ya kumaliza chuo, kitu cha kwanza nilichokiona ni mguu wake wa kulia. Ni fundi cherehani. Hata akiketi sebuleni, mguu ule hukanyaga sakafu kana kwamba kuna pedali. Siku hizi unakanyaga kwa hasira, na ana haki.

Mwaka jana binti yake alijifungulia njiani, akikimbizwa hospitali ya mbali. Mtoto hakuishi. Zahanati yetu ina chumba cha kujifungulia, lakini mwenyekiti wa mtaa amekipiga kufuli na kurundika humo viti na maturubai yake ya kampeni. Sasa binti ana mimba nyingine, na siku zimekaribia.

Kwenye mkutano wa hadhara shangazi alisimama, akapaza sauti: "Toa viti vyako, wajukuu wetu wazaliwe!"

"Mama, punguza jazba," mwenyekiti alimjibu. "Hapa tunajadili maendeleo, si machozi."

Watu wakacheka. Na huyo ndiye aliyembeba mtoto wa watu jukwaani wakati wa kuomba kura, akalia mpaka kola ikalowa! Machozi yale tuliyaita utu, tukampa kura.

Jioni wifi yake, muuza mkaa, alimwambia, "Wifi, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sema naye kwa adabu."

"Niiname mara ngapi? Nimeshapinda kama sindano mbovu!"

Hata hivyo alijaribu. Mkutano uliofuata alisema taratibu, "Mheshimiwa, tunaomba utufikirie kuhusu kile chumba."

Mwenyekiti akatabasamu, akawageukia watu. "Mnamwona mama? Ametulia. Maana yake ameridhika. Mpigieni makofi!"

Makofi yakapigwa, hoja ikafungwa.

Darasani tulifundishwa kwamba hoja hushinda hasira. Mbona hoja ya shangazi ilizikwa kwa makofi? Wanawake wakifoka, wana jazba, wakitulia, wameshiba. Waseme kwa sauti gani, basi?

Leo kuna mkutano tena. Shangazi ameketi mbele, binti yake kando, kajishika kiuno.

"Mama, atasema una jazba," binti ananong'ona.

"Aseme. Leo nimekuja nayo yote, sikubakiza hata ya akiba nyumbani."

"Na mimi nimebeba yangu, wifi," muuza mkaa anadakia, na wanawake wa nyuma wanaangua kicheko.

Kipaza sauti kimeshawashwa. Gari la mwenyekiti linakata kona, na wanawake wote wamesimama.