Tano Yenye Pengo

Sonara yule alikuwa mzito wa maneno, ila ukimpa kitu chenye muhuri ulimi ulimfunguka. 925, fedha. 750, sehemu mia saba na hamsini za dhahabu katika elfu. Aliwaeleza hata wateja wasiomuuliza, maskini. Elimu hiyo alipewa na baba yake, na ingawa mzee alikuwa amekufa zamani, watu walikuja dukani kwa jina lake bado.

Asubuhi moja aliingia bibi mjane, akamwekea bangili mezani.

"Iyeyushe, mwanangu, unitengenezee hereni za wajukuu wangu wawili. Aliitengeneza marehemu baba yako. Mume wangu alinivisha siku ya harusi."

Sonara akashika kioo cha kukuzia. 750, na ile tano ina pengo juu. Muhuri wa chuma wa baba yake ulivunjika hapo hapo, na mpaka leo umo kwenye mtoto wa meza. Akatabasamu peke yake.

Kwa mazoea tu akakwaruza kidogo kwa tupa upande wa ndani, akapasugua kwenye jiwe jeusi la kupimia, akadondosha tindikali juu ya alama. Alama ya dhahabu ingebaki. Hii ilichemka kijani, ikapotea. Akarudia mara tatu.

Angeweza kutengeneza hereni kwa dhahabu yake mwenyewe na kufunga mdomo. Lakini bibi alikuwa anamwangalia.

"Mama, hii ni shaba. Imepakwa dhahabu juu tu."

"Na muhuri?"

"Ni wa baba."

Bibi akaigeuza bangili. "Sasa nani alinidanganya? Baba yako alimdanganya mume wangu, au walikubaliana wawili wao?"

Wa kuulizwa wote walikuwa makaburini. Sonara aliomba kimoyomoyo mdanganyifu awe yule mume, na dua hiyo ikamtia aibu kuliko shaba yenyewe.

Bibi akatazama rafu, akamtazama fundi, kisha akaifunga bangili kwenye kitambaa.

"Atakuwa mume wangu," akasema taratibu. "Siku zile hakuwa na kitu, na alitaka sana kunioa. Wewe una duka linaloishi kwa jina la baba yako, mwanangu. Wangu nikimlaumu, nani ataumia sasa?"

Sonara alijua anapaswa kusema hapana, mama, usimbebeshe marehemu wako lawama. Badala yake alimshika mkono mpaka mlangoni, akamshukuru.